Barua ya wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa: anayeuguza nyumbani naye apokewe zamu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Waziri wa Afya wa Kaunti,
Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Mgonjwa wa saratani, wa moyo au wa figo anapofika mahali ambapo hakuna tena tiba ya kumponya, hospitali humruhusu arudi nyumbani na karatasi ya maelekezo. Ageuzwe, aoshwe, alishwe polepole, apewe dawa kwa saa zake, kidonda kisafishwe. Karatasi haisemi na nani. Mtu huyo yupo: ni mke, ni binti, ni mama mzazi, mara nyingine ni kijana aliyeegesha bodaboda yake akaacha kazi. Kwenye hesabu za kaunti hayupo.

Tunaoandika ni wauguzi wa tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu na mateso pale ugonjwa usipoponyeka), wahudumu wa afya ya jamii na watu wa familia wanaouguza huko Mvita, Likoni, Kisauni na Changamwe. Ombi letu ni moja. Saa za kumpokea anayeuguza zipangwe, zilipiwe na zihesabiwe kama dawa inavyohesabiwa. Yaliyobaki katika barua hii ni namna ya kulitekeleza, na mahali litakapoharibikia likitekelezwa juujuu.

Hatutawachosha kwa sheria. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, yenye haki ya afya, mnaijua, na mnajua kwamba Jedwali la Nne limeziweka hospitali za kaunti mikononi mwenu. Nchi pia ina Sera ya Tiba Shufaa ya 2021–2030. Karatasi hazikosekani.

Tuanze na usiku, maana huko ndiko watu wanakovunjikia. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutolewa kila baada ya saa 4. Familia ikiambiwa hayo tu, itategesha kengele ya simu ilie saa 8 usiku, kila usiku, kwa miezi. Mpangilio uliozoeleka katika tiba shufaa ni mwingine: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mara mbili, ili ile ya saa 8 usiku irukwe na nyumba ilale. Anayeamua ni daktari, na mgonjwa ambaye figo zimechoka hupangiwa vingine, lakini kwa walio wengi ni suala la mstari mmoja zaidi kwenye cheti cha dawa. Mstari huo hukosekana kwa sababu lebo ya chupa ni fupi na dirisha la dawa lina foleni. Tunaomba lebo ya mofini katika kila hospitali ya kaunti iandikwe saa hizo tano kwa Kiswahili, na mililita za kila saa, na chupa itoke pamoja na bomba la kupimia lenye alama. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kingine.

Chupa hiyo isitoke bila dawa ya kulainisha choo. Mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na hilo mwili haulizoei, tofauti na kichefuchefu ambacho mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Ikisahauliwa, siku ya nne au ya tano mgonjwa analia tumbo, tuktuk inatafutwa saa 7 usiku, na anayeuguza anakesha kwenye benchi la kitengo cha dharura kwa jambo ambalo vidonge viwili vya jioni vingelizuia.

Kitu kingine kinacholiwa na usiku ni kumgeuza mgonjwa. Juu ya godoro la kawaida lililobonyea, asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2 au ngozi ya kiunoni na visiginoni inaanza kuchubuka. Juu ya godoro zuri la sponji nzito, na ngozi ikikaguliwa na muuguzi, muda huo kwa kawaida unaweza kurefushwa hadi saa 4. Kwa hiyo godoro ni la mgonjwa na pia ni usingizi wa anayemuuguza. Tahadhari moja ya Pwani: magodoro ya hospitali huvishwa nailoni, na kwa joto letu la Februari na Machi mgonjwa anayelala juu yake hutota jasho, na ngozi iliyolowa huchanika upesi kuliko iliyokavu. Leso (kanga) mbili za pamba juu ya nailoni, zinazobadilishwa zikilowa, zinafanya kazi vizuri kuliko shuka la polista.

Na mgongo. Wengi wanaouguza huja kwetu wakishika viuno kabla hata ya kusema hawalali. Wanamvuta mgonjwa kwa kwapa, jambo linalomuumiza yeye bega na wao uti wa mgongo. Shuka likunjwe mara mbili, lipitishwe chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Watu wawili, mmoja kila upande, walikunje kingo mpaka karibu na mwili, wapinde magoti, wahesabu pamoja, wavute shuka na si mtu. Kitanda kinachofika usawa wa nyonga kinaokoa nusu ya kazi. Kilicho chini kiinuliwe kwa matofali manne yaliyolingana, na kisogezwe mbali na ukuta. Yote haya hufundishwa kwa robo saa wodini, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Tunaomba iwe lazima, na karatasi ya kuruhusiwa iwe na sahihi ya aliyefundishwa.

Kila wodi ya uwakilishi ingekuwa na stoo ndogo ya kuazimisha vifaa, tungepunguza mengi: kiti cha magurudumu, kiti cha choo, chombo cha kukojolea, godoro, shuka la mpira. Stoo kama hizo hufa kwa sababu mbili. Vifaa havirudi, kwa kuwa msiba ukishapita hakuna anayekumbuka kiti cha choo. Basi mwenye stoo ndiye akifuate, asingoje kuletewa. Ya pili ni magodoro ya umeme yanayojaa na kutoka upepo. Yanapendeza kwenye zabuni, halafu tokeni zinaisha usiku na mgonjwa analala juu ya vyuma. Nunueni sponji.

Sasa zamu yenyewe. Tunapendekeza muda wa saa 4 mfululizo, mara moja kwa wiki, siku ileile, na mtu yuleyule. Saa 2 hazitoshi: anayeuguza atazitumia kufua. Na hata saa 4 zitapotea kama dawa iko mbali. Mtu wa Mtongwe au Shelly Beach anayefuata chupa ya mofini kisiwani anapanda matatu, anangoja feri, anapanda tena, anakaa foleni, na anarudi na msongamano wa jioni. Ukimpa mtu huyo zamu ya kupumzika, ataitumia kuvuka kivuko. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mapumziko ni mofini kupatikana Hospitali ya Likoni, Port Reitz na Tudor, kwa siku inayojulikana ya wiki, daktari wa kuiandika akiwepo siku hiyo. Uganda tangu 2004 imewaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Hilo kwetu ni la Bunge la Kitaifa. La kwenu ni kumpanga daktari na kuhakikisha chupa haziishi.

Nani ashike zamu? Jibu la haraka litakuwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Tunawaomba msiwaongezee. Mmoja ana kaya kama 100, na posho yake iliyotangazwa 2023 ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwenu na nusu kutoka serikali kuu. Nyumba moja ya saa 4 itamlia nusu siku. Waajiriwe washika zamu wao wenyewe, wanne kwa kila kaunti ndogo, wanawake wawili na wanaume wawili. Mmoja akishika zamu mbili kwa siku, siku tano, anafikia nyumba 10 kwa wiki. 24 wa kaunti ndogo sita watafikia nyumba 240. Wanaume hao wawili si mapambo. Baba wa watu wa hapa hataki kuoshwa na mwanamke asiye wake, na mkewe hatatoka akijua mumewe atakaa na uchafu mpaka arudi.

Mafunzo ya siku 5 yanatosha kama yatafanyika kando ya vitanda na si kwenye ukumbi wa hoteli. Wajifunze kugeuza, kuosha kinywa kwa pamba iliyolowekwa maji ya chumvi kidogo, kulisha mgonjwa akiwa ameinuliwa na si chali, na kutomnywesha kitu aliye na usingizi mzito hata akihurumiwa vipi. Wajifunze pia kuchanganya klorini ya damu na matapishi: kikombe 1 cha ile ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, mpya kila siku, kwa kuwa ikikaa kwenye joto na mwanga hupoteza nguvu. Dawa watoe ile tu iliyokwishavutwa na anayeuguza na kuandikwa saa. Mofini iliyobaki ifungiwe kwenye kisanduku chenye kufuli. Familia nyingi haziachi nyumba kwa hofu ya mateja kuipora chupa, na kufuli ya bei ndogo huondoa nusu ya hofu hiyo.

Makabidhiano yawe ya karatasi moja, ibaki nyumbani, ijazwe na wote wawili:

dawa ya mwisho na saa yake, na inayofuata;
alilalia upande gani mara ya mwisho;
choo cha mwisho kilikuwa lini;
anakula nini na kwa kiasi gani;
nini kinamtia hofu au hasira;
simu ya muuguzi, na simu ya anayeuguza.

Ile ya hofu na hasira watu wa ofisini huifuta kwanza. Isifutwe. Mgonjwa anayeogopa mlango kufungwa, asipojulikana hivyo, atapiga kelele kwa saa 4, na wiki inayofuata bintiye hatakubali kutoka. Mpango pia huvunjika kwa mshika zamu kuchelewa: akichelewa mara mbili, familia huacha kupanga jambo lolote kwenye saa hizo. Wa akiba naye aletwe nyumbani mapema, aonekane, ajulikane jina.

Mtasema watu wa kujitolea wapo, misikiti na makanisa yapo. Ni kweli, na ng'ambo ya bahari hii hii, Kerala nchini India, mpango ulioanzia Calicut mwaka 1993 umekua kwa mabega ya majirani. Lakini tazameni vizuri: tangu sera ya jimbo ya 2008, serikali za mitaa ndizo zinazolipa wauguzi wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Jirani huja kwa moyo kwa sababu anajua kuna mwenye ujuzi nyuma yake. Kumwachia jirani kazi yote ni kumtafutia sababu ya kuhama njia.

Na majirani wenyewe wanahitaji mwongozo. Kwetu mgonjwa hujuliwa hali, na ni jambo jema, ila wageni kumi wa alasiri ni vikombe kumi vya chai na mahamri, na anayechemsha chai ni yule yule aliyekesha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nyumba yenye mgonjwa, jembe litoke siku ya kwanza. Maimamu, mapadri na viongozi wa vikundi vya akina mama wakitangaza jambo moja tu, kwamba anayekuja kumwona mgonjwa aje na mtungi wa maji wa lita 20 au aondoke na beseni la nguo za kufua, litasaidia kuliko hotuba. Mitaa inayonunua maji ya mkokoteni inajua uzito wa hilo. Ramadhani ndiyo ngumu zaidi: anayeuguza amefunga, anapika futari, anaamka daku, na katikati anageuza. Mwezi huo zamu zihamie alasiri, na futari ya nyumba hiyo itoke kwa wengine.

Kuna wakati nyumba inahitaji zaidi ya saa 4. Anayeuguza ana homa, ana binti anayejifungua, au amefika mwisho. Tunaomba vitanda viwili vya mapumziko katika kila hospitali ya kaunti ndogo, kwa usiku usiozidi 5. Idadi hiyo hatukuiokota: ndiyo ambayo bima ya wazee ya Marekani, Medicare, hulipia kwa mkupuo mmoja kwa wagonjwa wa hospisi, yaani walio katika huduma ya mwisho wa maisha.

Vitanda hivyo vitaharibika kwa njia tatu tunazoziona mapema. Kwanza, wodi zetu zimezoea jamaa kuja kuosha na kulisha, hata kulala chini ya kitanda. Akilazimishwa kuja, hajapumzika. Amehamishiwa kazi mbali na jiko lake. Kwa vitanda hivi, jamaa awe mgeni wa saa za kutazama wagonjwa tu. Pili, mzunguko wa dawa wodini huwa wa kila baada ya saa 6 au 8, na mofini ya kila baada ya saa 4 haimo. Mgonjwa aliyetoka kwake hana maumivu anarudi akilia, na familia haitarudia tena. Ratiba yake ya nyumbani ibandikwe kichwani pa kitanda na ifuatwe. Tatu, daktari mpya wa zamu akimkuta mtu amedhoofika atamtundikia dripu, atatoa damu, ataagiza picha. Bili inapanda kwa ajili ya mtu aliyeletwa ili mkewe alale. Iwepo fomu ya kulazwa ya rangi tofauti inayosema wazi amekuja kwa nini, na kipi kisifanywe bila kupiga simu kwa timu ya tiba shufaa. Mgonjwa mwenyewe aambiwe siku ya kurudi kabla ya kuingia kwenye gari, na gari limrudishe siku hiyo. Wengi huamini wametupwa. Na kwa wanaokaa ghorofa ya nne bila lifti, wapagazi wawili na kiti cha kubebea waje na gari. Vinginevyo watakaombeba ngazini ni wale tunaojaribu kuwaokoa migongo.

Jambo dogo lisilo na gharama: wahamasishaji tayari wana kipimo cha presha na cha sukari mkobani. Wanapomtembelea mgonjwa, wampime pia anayemuuguza, na waulize kama anakunywa dawa zake mwenyewe. Mtu anayekumbuka dozi tano za mwenzake husahau kidonge kimoja chake. Timu za tiba shufaa zitumie dodoso la Zarit, linalopima mzigo wa anayeuguza, lenye maswali 22 na alama kuanzia 0 hadi 88, mara moja kwa mwezi. Likipanda kwa ghafla kati ya mwezi na mwezi, kitanda cha mapumziko kisingoje ombi. Swali lisiulizwe mbele ya mgonjwa. Nani atajibu ukweli hapo?

Kuhusu kazi na fedha hatutasema mengi. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya mwaka ya siku 21, ya uzazi, na ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Ya kuuguza mtu wako haimo. Uingereza tangu Aprili 2024 imempa kila mfanyakazi wiki moja kwa mwaka, ingawa bila malipo. Kubadili sheria si kazi yenu, lakini kaunti ni mwajiri mkubwa mjini hapa na inaweza kuanza na watu wake. Nazo shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kuu, humfikia mzee wa miaka 70 na zaidi au mwenye ulemavu mkubwa. Mama wa miaka 48 mwenye saratani ya mlango wa kizazi huangukia katikati, na pampasi za watu wazima zinanunuliwa kwa deni.

Mwisho, baada ya kifo. Mazishi ya Kiislamu hufanyika siku ile ile, na mara nyingi muuguzi hupata habari watu wameshatawanyika. Mjane anakaa eda miezi minne na siku 10, kwa hiyo kumwandikia tarehe ya kuja kliniki kuzungumzwa naye ni kumwandikia asije. Aendewe nyumbani, na mwanamke, wiki ya pili na tena mwezi wa tatu. Ziara hiyo hiyo ibebe chupa ya mofini iliyobaki irudishwe hospitalini, na mwenye stoo achukue kiti na godoro.

Makadirio ya mwaka wa fedha hufika kwenye Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Tunaomba mapumziko ya wanaouguza yawe na mstari wake chini ya Idara ya Afya, wenye jina lake, usiochanganywa na "huduma nyingine za jamii" ambako fedha huishia kwenye mafuta ya magari. Kaunti ndogo mbili zianze, Likoni na Kisauni, kuanzia Julai 1. Lebo ya mofini na mafunzo ya shuka wodini hayahitaji kungoja bajeti. Yanahitaji agizo la Waziri la ukurasa mmoja, na rasimu yake, pamoja na karatasi ya makabidhiano, tumeiambatisha.

Wenu,
Wauguzi wa tiba shufaa, wahudumu wa afya ya jamii na familia zinazouguza, Mombasa